Mstari Uliokosa Mtu wa Mbele

Atupele tulimzika Jumamosi, na upepo wa Mbeya ulivuma siku hiyo kama kawaida yake, haujui msiba wala harusi. Mjukuu wake alisoma wasifu wa marehemu kwenye simu. Alisoma vizuri, sauti haikumtetemeka: kuzaliwa, kubatizwa, shule ya misheni, ndoa, cherehani, kwaya, uongozi wa akina mama, maradhi. Mwaka wa hamsini na nane aliuruka kama mtu anavyoruka mtaro. Simlaumu, maana mtu hasomi asichoambiwa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki na ushungi wangu, Mwislamu peke yangu katika safu ile ya wazee wa kanisa, nikashikwa na hasira ya kitoto. Nilitaka kusimama niseme, "Subirini, kuna jambo mmeliacha," lakini siku hizi magoti yangu hayapokei amri ya moyo. Nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imegeuka kilio, na nilipomaliza kulia nikaomba kalamu. Sitaeleza hapa nilizaliwaje wala babu zangu walifikaje Mbeya kutoka pwani. Ndugu zangu wameyaeleza hayo kwenye kila harusi mpaka yamechakaa. Nataka kueleza ule mwaka mmoja tu.

Nilikuwa nimeachika. Ndoa yangu ya kwanza ilikuwa fupi kama kanga ya mtoto, nikarudishwa kwa baba yangu mdogo, Shomari, aliyekuwa na duka la mafuta ya taa, chumvi na mchele wa Usangu karibu na soko. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vingi vidogo vinavyotazama uani, na chumba cha mwisho, kile chenye dirisha la kuelekea mlimani, alipanga Atupele. Mumewe, Ambakisye, alikuwa dereva wa lori la kwenda Rhodesia, akirudi anarudi na sabuni na vumbi, akikaa siku chache kisha huyo. Atupele alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mwenye kucheka kwa mabega kabla sauti haijatoka. Asubuhi aliketi barazani na cherehani yake, na alasiri, mimi nikishaswali, wanawake walikuja chumbani mwake kujifunza kusoma. Tulikaa kitandani, sakafuni, juu ya sanduku la mumewe. Kulikuwa na harufu ya vitambaa vipya na ya mbalaga, zile ndizi zake alizokuwa akizipika na maharage katika chungu cheusi. Mimi niliyezoea wali nilizidharau siku ya kwanza, na siku ya pili nikaanza kuomba ukoko. "Mswahili ameonja," aliwaambia wenzake. "Sasa tufiche chungu."

Kitu kimoja kilinishangaza kwake. Msichana huyu aliyeweza kubishana na karani wa Kizungu kwa Kiingereza mpaka karani akaomba radhi, hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe wake. Akimsema alisema "yule wa Tukuyu". Nilimtania siku moja, nikamwambia hata Firauni ana jina. Akanieleza, kwa subira, kwamba kwao mke wa mtoto hamtazami mkwe wake wala hasikilizi hatua zake. Akimwona njiani huingia majanini akachutama na kujifunika kichwa mpaka apite. Mkwe akiwa ndani ya nyumba fulani, yeye haingii. Wanawake wa kanisa walishaanza kulegeza, alisema, na yeye pia angelegeza, ila mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa mchanga. Kabla ya hapo alikuwa amesoma Biblia kanisani kwa Kinyakyusa, na ndani ya somo hilo mlikuwa na neno linalofanana na jina la mzee. Mama mkwe wake alimwambia mbele ya watu kuwa ameua mtoto kwa mdomo wake. "Mimi najua si kweli, Zai," aliniambia, akikata uzi kwa meno. "Najua kabisa. Lakini kujua hakulali na mtu kitandani." Sikumtania tena juu ya hilo.

Basi ulikuwa mwaka wa kura tatu. Vijana wa leo hawaujui, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Serikali ya Mwingereza ilikubali watu wachague wajumbe wa Baraza, lakini kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, atake asitake. Wenye haki ya kupiga kura walikuwa waliosoma mpaka darasa la nane, au wenye kipato kizuri, au wenye vyeo fulani. Wanawake wa chumba cha Atupele, wauza maandazi, wasuka mikeka na walimaji, hatukuwamo. Lakini kabla ya kura hiyo chama chetu cha kudai uhuru kilitakiwa kwanza kijichagulie mtu wake: kila tawi lilipeleka jina moja Iringa, na Iringa ndiyo ingetoa jina la jimbo zima. Na katika kuchagua jina hilo la tawi, kadi ilikuwa kadi. Hakuna aliyeuliza darasa wala kipato. Mwenye kadi alisimama. Nilipolielewa jambo hilo nilikuwa nachambua mchele uani, nikaacha ungo nikaingia chumbani kwa Atupele bila kubisha hodi. Nikamwambia, "Atu, wanawake wenye kadi mjini hapa ni wengi kuliko wanaume. Tumewaandikisha wenyewe."

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha mabega yakaanza kucheka. "Unataka kumpeleka nani? Wewe?"

"Mimi sijui Kiingereza. Huko Barazani wanasema Kiingereza. Wewe unakijua."

Hakusema ndiyo siku hiyo. Alisema ndiyo baada ya siku kadhaa, tukiwa kisimani, na aliponiambia alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona kwake, uso wa mtu anayeogopa kitu anachokitaka sana. Aliniambia vilevile kuwa ana mimba. Mumewe alikuwa anajua, na mimi, na basi. Tangu siku hiyo tulitembea nyumba kwa nyumba, yeye na mimi na wanawake wengine wawili watatu, na kila nyumba tulipewa uji wa moto kwa sababu ilikuwa miezi ya baridi. Mbeya ya wakati huo ilikuwa na baridi ya kumfanya mtu ajue idadi ya mifupa yake. Nimekunywa uji mwingi maishani mwangu na sijawahi kuonja mtamu kama ule. Wanawake wa Kisafwa kutoka mlimani walimwita mwalimu. Mama mmoja mzee alimshika mkono akamwambia, "Nenda ukawaambie wapunguze kodi ya kichwa, mwanangu, na ukiwa huko usiolewe tena." Tulicheka mpaka kuku wakakimbia.

Uchaguzi wa tawi haukuwa wa siri. Nilieleze hili vizuri, maana jambo lote limekaa hapo. Watu walio wengi hawakujua kusoma, na wazee wa chama walisema karatasi ni kitu cha serikali, sisi tutachagua kwa miguu. Wenye kadi walikutana katika ghala la nafaka. Majina yalitajwa papo hapo, hayakutangazwa kabla. Aliyetajwa alitoka akasimama mbele, ubavu kwa ubavu na mwenzake aliyetajwa, na anayemtaka alikwenda kujipanga nyuma yake. Mstari mrefu ndio ulioshinda. Niliupenda utaratibu huo. Niliona ni wa kiungwana: mwenye neno asimame nalo, jirani yako akuone umesimama wapi. Nilikuwa kijana, sikujua kwamba utaratibu wa wazi unaweza kuwa na mlango wa nyuma ambao aliyeujenga peke yake ndiye anaujua.

Mwenyekiti wa tawi alikuwa baba yangu mdogo, Shomari. Sitamchora kama shetani. Alinilisha nilipoachika, na hakunikumbusha hata mara moja. Alimpenda Atupele, akimwita mwanangu, na siku za Idi alimpelekea biriani yeye kabla ya jirani wa Kiislamu. Lakini wiki zile alikuwa na uso wa mtu mwenye jino bovu. Nilimsikia mara mbili tatu akizungumza na katibu wa tawi kule sebuleni, kahawa mkononi, akisema Iringa watatucheka, watasema Mbeya wameishiwa wanaume, na Waingereza watachekea humo humo. "Hatuna cha kumkataza," alisema katibu. "Ana kadi." Kisha walishusha sauti. Niliwaletea kashata, wakaanza kuzungumza habari za bei ya mpunga wa Ubaruku.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri yenye jua lisilo na joto. Ghala lilinuka magunia na pumba. Wanawake tulijaa upande wa kushoto, vitambaa vya kila rangi, watoto migongoni, na nilipotazama upande wa wanaume nikajua tumeshinda, hata kipofu angejua. Mwenyekiti alifungua kwa dua, mchungaji akaomba naye kwa zamu yake. Jina la kwanza lililotajwa lilikuwa la Atupele. Nililitaja mimi. Alipita katikati ya watu akiwa amevaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, akasimama mbele, akatutazama, na vigelegele vikapigwa mpaka njiwa wakaruka kwenye boriti. Mwenyekiti akanyanyua mkono. Akauliza kama kuna jina jingine. Katibu akasimama akasema, "Namtaja Mzee Asajile, wa Tukuyu." Mlango wa pembeni ukafunguliwa, mzee mmoja mfupi, mwenye koti kubwa la vita na fimbo, akaingia.

Mimi sikuelewa. Nililisikia jina nikaliona ni jina tu. Atupele hakuwahi kuniambia jina lake, angewezaje? Niliwaona wanawake wa Kinyakyusa waliokuwa karibu nami wakishika midomo. Nikamtazama Atupele. Alikuwa amekwisha kuivuta kanga aliyojitanda mabegani akajifunika kichwa chote, na alikuwa anashuka chini taratibu, magoti, viganja, mpaka akachutama pale mbele ya ukumbi mzima, ameupa ukuta uso. Yule mzee naye alisimama ghafla. Alimtazama mwanamke yule aliyechutama, kisha akageuza uso upande wa pili, akabaki hivyo, amekaza macho kwenye magunia. Kisha Atupele, bila kuinuka sawasawa, ameinama hivyo hivyo, mkono mmoja ukutani na mwingine tumboni, akaenda zake akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Waliotajwa wasimame mbele," alisema katibu. "Wenye kuwataka wajipange."

Tulijipanga. Sitaki wajukuu wa mtu yeyote waambiwe kwamba wanawake wa Mbeya walitawanyika siku hiyo. Tulijipanga nyuma ya mahali alipokuwa amesimama, moja kwa moja mpaka nje ya ghala, na hata wanawake wa Kinyakyusa, ambao walijua vizuri zaidi kuliko mimi kwa nini ametoka, walijipanga wakilia. Wanaume wakajipanga nyuma ya Mzee Asajile. Mstari wao uliishia nusu ya ghala. Baba mdogo aliutazama wetu, akautazama wao, akafuta jasho katika baridi ile. "Hatuwezi kuhesabu mstari usio na mtu mbele," alisema, na hakunitazama alipokuwa akisema. Nikatoka kwenye nafasi yangu, nikaenda kusimama mbele. Nikasema basi, mimi nasimama badala yake. Katibu akasema, "Wewe hukutajwa." Nikapiga kelele, "Nitajeni!" na wanawake wakalitaja jina langu kwa pamoja, na katibu akasema kutaja kumekwisha fungwa, ndio utaratibu. Neno hilo, utaratibu, mpaka leo likitamkwa na mtu mwenye kalamu mfukoni, mwili hunisisimka.

Nilimkuta nyuma ya ghala, ameketi juu ya pumba, kanga bado kichwani. Nilitaka kumkumbatia, na wakati huohuo nilitaka kumtikisa. Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia, "Ungesimama tu! Ungefumba macho usimame!" Aliifunua kanga. Macho yake yalikuwa makavu. "Nimebeba mtoto, Zai," alisema. "Kama ningesimama, na mtoto huyu akafa kwa homa, kwa malaria, kwa jambo lolote, nani angeniambia kwamba si kwa sababu hiyo? Wewe ungeniambia. Na mimi nisingekuamini." Tukarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya soko. Usiku huo nilimpelekea baba mdogo chakula chake, na nikiwa bado mlangoni nilimsikia akimwambia mkewe, "Hatukumtukana. Hatukumfungia mlango. Mila yake mwenyewe ndiyo iliyomtoa." Mkewe alimwekea maji ya kunawa kwa kishindo, na kwa wiki nzima wali wa nyumba ile ulikuwa na mawe.

Iringa nilikwenda. Shangazi yangu aliyekuwa akiishi kule alitakiwa kuwapokea wajumbe wa Mbeya, akaomba mtu wa kumsaidia jikoni, na mimi nilijipeleka kwa sababu nilitaka kuona mwisho wa jambo hilo kwa macho yangu. Tulisafiri na basi siku nzima, Igawa, Makambako, mpaka Nyololo ambako tulishuka kunywa chai, miguu ikiwa imekufa ganzi kwa baridi. Wanaume, baba mdogo akiwa mmoja wao, waliketi mbele wakizungumza siasa. Mzee Asajile aliketi peke yake karibu na dirisha, fimbo katikati ya magoti, hazungumzi na mtu. Niliazimia kumchukia. Nilimpa chai yake Nyololo bila kumwamkia, jambo ambalo kwa malezi yangu ni sawa na kumpiga mtu kofi, naye akaipokea kwa mikono miwili akasema, "Ndaga fijo, mwanangu." Asante sana. Ni vigumu kumchukia mtu anayepokea kikombe namna hiyo, lakini nilijitahidi.

Nyumba ya shangazi ilikuwa mlimani, kati ya mawe makubwa, na wajumbe walilala chumba kinachopakana na jiko. Asubuhi ya mkutano, wenzake walipokuwa wanaoga, mzee alikuja akasimama kwenye mlango wa jiko. Aliniamkia yeye kwanza, "Ugonile," kisha akakaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Wewe ndiye rafiki wa mke wa mwanangu?" Nikasema ndiyo, nikaendelea kukuna nazi. Akasema katibu alimfuata Tukuyu kwa gari, akamwambia tawi limekosa mtu mzima wa kulisimamia, vijana wanagombana, aje awapatanishe. Hakuambiwa mwingine aliyetajwa ni nani. "Nimeingia, nimeona mwanamke anachutama," alisema. "Nikajiuliza, ni mke wa nani huyu ananiheshimu hivi mjini? Ndio nikajua." Nikamuuliza, na sikumuuliza kwa adabu, kwa nini hakutoka yeye. Jiko lilikuwa likivuta moshi machoni mwetu sote wawili. "Mkubwa hatoki," alisema mwishowe. "Mdogo ndiye anatoka. Nimezaliwa nikikuta hivyo, nimezeeka hivyo. Miguu yangu haikujua kama inaweza. Nimewaza njia nzima, Igawa mpaka hapa: ilikuwa hatua chache tu, mlango uko pale. Lakini nilisimama." Kisha akasema, "Mwambie nimeona aibu." Nikaacha kukuna nazi. Nilitamani angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi zaidi kwetu sote.

Mkutano wa Iringa ulichukua siku nzima, na sisi wanawake tulipeleka chakula tukabaki madirishani. Majina ya matawi yaliitwa, kila mtu akasimama akaeleza atafanya nini. Mzee Asajile alisema vizuri kwa Kiswahili chake cha Tukuyu, habari za ardhi na kahawa, watu wakamsikiliza. Kisha mjumbe mmoja mwenye miwani akasema Barazani hakuna mkalimani, akawataka waliotajwa wajibu swali moja kwa Kiingereza. Swali lilikuwa juu ya kodi. Lilipomfikia mzee, alisimama akiwa ameshika fimbo yake, akatutazama kwa zamu, akakaa. Hakuna aliyecheka. Pengine kicheko kingekuwa na nafuu. Nilimtazama baba yangu mdogo kupitia dirishani nikaona amelielewa jambo lile wakati uleule niliolielewa mimi: kwamba swali hilo Atupele angelijibu, angelijibu kwa utulivu, kisha angeuliza lake, na Mbeya ingekuwa na mtu. Walichagua mtu wa kwingine. Njiani kurudi, tulipofika Nyololo, baba mdogo alinisogelea na muhindi wa kuchoma, akanipa nusu, akasema, "Tungejua." Nikamwambia, "Mlijua." Muhindi nikaula, kwa sababu nilikuwa na njaa, lakini neno hilo sikulirudisha, si siku ile wala siku alipokuwa kitandani anakata roho, miaka mingi baadaye, akaniomba nimsamehe mambo yote kwa jumla.

Ujumbe wa mzee niliufikisha. Atupele alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Aliniuliza, "Aibu yake ananipa mimi niifanyie nini?" akaendelea kushona. Hiyo ndiyo hasira pekee niliyowahi kuisikia kwake. Siku ya kura tatu ilipofika, yeye, aliyesoma darasa la nane, alikuwa na haki ya kupiga, mwanamke mmoja katika foleni ya wanaume. Tumbo lilikuwa limeshaonekana. Alivaa lile gauni la buluu, alilotanua kiunoni, akaenda kuweka alama zake tatu kwa watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye, akarudi, akaketi barazani kwenye cherehani. Wanawake walikuja alasiri kusoma kama kawaida. Hakuna aliyemuuliza alimpigia nani. Tulisoma ukurasa wetu, tukala ndizi, na nilipokuwa natoka nilimwona ameegemea dirisha lile la kuelekea mlimani, analia bila sauti, mabega yakitikisika kama alivyokuwa akicheka.

Kabla mvua hazijaanza, habari zilikuja kwamba Mzee Asajile amefariki. Kifua, walisema, baridi ya safari ilimwingia na haikutoka. Ambakisye alikuwa Rhodesia, kwa hiyo Atupele alitakiwa kwenda Tukuyu yeye, na nilimsindikiza kwa sababu hali yake haikuwa ya kusafiri peke yake. Boma la mzee lilikuwa limejaa watu, migomba imekatwa kufanya kivuli, wanaume nje, wanawake ndani na kilio chao kile kinachopanda na kushuka. Atupele alisimama kizingitini hakuingia. Hakujua kama anaruhusiwa. Ndipo mama mkwe wake, yule yule aliyemwambia maneno mbele ya watu, alikuja akamshika mkono, akasema, "Njoo, mwanangu. Mwiko umekwisha. Amekwenda nao."

Tuliingia pamoja. Mzee alikuwa amelazwa kwenye mkeka, amefunikwa shuka mpaka kidevuni, lile koti la vita limekunjwa pembeni. Bila koti alikuwa mdogo, mifupa ya mashavu na ndevu nyeupe chache, na mdomo umefunguka kidogo kama wa mtu aliyesahau alichotaka kusema. Atupele alipiga magoti. Alikuwa mke wa nyumba ile kwa miaka minne, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona mkwe wake uso. Alimtazama kwa muda mrefu, bila kulia, mkono mmoja tumboni, akamkagua uso mzima kama mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kimo ndani. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyedanganywa.

"Zai," alisema, "ni huyu tu?"